Kabla Hujajaza Flashi: Kuchagua Rekodi za Franco na OK Jazz

Ukimwomba kijana anayejaza nyimbo pale Mwanga mjini Kigoma, au karibu na soko la Ujiji, akuwekee Franco, atakuuliza flashi yako inabeba kiasi gani, kisha atakumiminia folda nzima. Nyimbo mia mbili au mia tatu, majina yamekatikatika, "Mario" imo mara nne, na katikati yake utamkuta Tabu Ley na Mbilia Bel wameingizwa kwa jina la Franco. Utaondoka ukiamini umempata Franco wote. Ulichopata ni rundo. Hujui upi ulirekodiwa 1957 na upi 1987, hujui sauti unayoisikia ni ya nani, na lililo baya zaidi, nyimbo nyingi humo zimekatwa kabla hazijafika pale mtunzi alipokusudia zifike.

Nawaandikia wale wanaotaka kutoka kwenye rundo hilo. Si lazima uwe na fedha nyingi, wala uwe na kabati la santuri sebuleni. Unachohitaji ni kujua uulize nini kabla ya kulipa, na usikilize nini kabla ya kukubali.

Kwetu mwambaoni jambo hili lina uzito wake. Maji ya Ziwa Tanganyika hutokea Kalemie kwa Mto Lukuga, huingia Lualaba, hupita Kindu na Kisangani, na mwisho wa safari hupita mbele ya Kinshasa, mji aliokulia Franco. Wamanyema wa Ujiji asili yao ni huko huko magharibi ya ziwa. Mashua za Kibirizi hazijaacha kwenda na kurudi Kongo na Burundi, na nyimbo zimekuwa zikisafiri pamoja na vitenge na dagaa. Rumba ilipovuka ziwa ilikuta ndugu. Ndiyo maana naona haya kidogo ninaposikia mtu wa Kigoma akimjua Franco kwa wimbo mmoja tu, tena nusu.

Jina lake kamili ni François Luambo Makiadi, aliyezaliwa Sona Bata tarehe 6 Julai 1938. Mwaka 1953, akiwa kijana wa miaka 15, alirekodi kwa jina lake katika studio ya Loningisa, mali ya wafanyabiashara wa Kigiriki mjini Léopoldville. Juni 1956 yeye na wenzake wakaunda OK Jazz, bendi iliyochukua jina la OK Bar ya Oscar Kashama, na akaiongoza kwa sehemu kubwa ya maisha yake hadi alipofariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989. Nyimbo za bendi hiyo hukadiriwa kupita 1,000. Hakuna sanduku moja la CD lenye kazi yote, na mtu akikuuzia "Franco kamili" ujue anakuuzia maneno.

Hapa inafaa kuachana na fikra moja iliyotoka mbali. Wapenzi wa muziki wa Ulaya hununua kwateti zote za Beethoven au za Schubert, yaani tungo za fidla mbili, viola na selo, katika sanduku moja. Mtunzi ameacha karatasi, na makundi mengi yamepiga karatasi hiyo hiyo, kwa hiyo kazi ya mnunuzi ni kuchagua mpigaji. Kwa Franco mambo ni kinyume. Wimbo na rekodi ni kitu kimoja. Kile kilichotoka studio siku ile ndicho wimbo wenyewe, na hakuna kundi lingine litakalokupa "Mabele" iliyo bora kuliko ile. Unachochagua wewe ni mambo mawili: enzi gani ya bendi, na nakala ipi ya rekodi.

Nianze na nakala, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoibiwa. Ushauri wangu wa kwanza, na kama huna muda wa kusoma zaidi shika huu peke yake: chukua wimbo mzima.

Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika hubeba dakika nne au tano hivi kila upande. Kufika miaka ya sabini nyimbo za OK Jazz zilikuwa zimerefuka kuliko upande mmoja, kwa hiyo wimbo uligawanywa. Upande A ulikuwa na hadithi: waimbaji wanaeleza kisa, sauti zinapokezana, kisha muziki unafifia. Unageuza santuri. Upande B unaendelea pale pale, maneno yanapungua, magita yanachukua nafasi, sebene inaanza, na hapo ndipo watu walipokuwa wakiinuka kwenye viti. Waliokuja kuhamishia nyimbo hizo kwenye kanda, na baadaye kwenye kompyuta, mara nyingi walichukua upande A na kuacha wa pili. Wengine waliunganisha pande mbili bila uangalifu, ndiyo maana katikati ya wimbo unasikia muziki unazama, kimya kidogo, kisha unaibuka tena. Usidhani flashi yako ni mbovu. Ni mshono wa mtu aliyefanya kazi kwa haraka.

Kupima ni rahisi. Chukua "Mario" ya 1985, ambayo hakuna asiyekuwa nayo. Rekodi yake kamili ni takriban dakika 14. Simu yako ikionyesha dakika tano, umepewa kipande. Ikionyesha dakika 14, tazama na ukubwa wa faili: wimbo wa urefu huo ukihifadhiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde huchukua kama MB 13, na kwa 320 huchukua kama MB 33. Ukikuta dakika 14 ndani ya MB tano au sita, wimbo umebanwa mno, na matoazi yatasikika kama mtu anapepeta mchele. Mwambie kijana atafute nyingine. Wengi wao si wabaya, ila hawajawahi kuulizwa. Ukimwuliza mara mbili tatu, ataanza kukuwekea zilizo nzima kabla hujasema.

Kwa nini nashikilia hiyo nusu ya pili? Kwa sababu ya magita. Sikiliza OK Jazz ya miaka ya sabini utakuta nyuzi zimegawana kazi sehemu nne. Kuna solo ya Franco mwenyewe, anayekamata nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, mapigo mazito, anarudia kifungu kile kile hadi kikuingie mwilini. Kuna ridhimu, kiti cha Simaro Lutumba kwa miaka mingi, inayotembea taratibu na kuwaachia waimbaji njia. Kuna mi-solo, katikati ya hizo mbili, inayojibu na kujaza. Na kuna besi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa Decca Mpudi, yenye kusimama pale ambapo besi nyingine zingekimbia. Upande A magita haya yanawatumikia waimbaji. Upande B yanazungumza yenyewe kwa yenyewe. Aliyekata upande B ametoa mazungumzo akabakiza salamu.

Fanya hivi: chukua wimbo mmoja, usikilize mara nne, kila mara ukifuata gita moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Mara ya kwanza mi-solo itakupotea. Ya pili utaishika. Ukishaweza kuifuata mi-solo, sikio lako halitadanganywa tena na nakala mbovu, kwa kuwa katika nakala mbovu ndiyo inayotangulia kufa.

Sasa enzi. Watu wengi huanza na miaka ya themanini kwa sababu ndiyo waliyoikuta kwenye redio. Mimi ningekuanzisha kwenye miaka ya 1970 hadi 1976, na sioni shaka yoyote katika hilo. Mwaka 1970 Franco alifiwa na mdogo wake, Bavon Marie Marie, mpiga gita wa Négro Succès, katika ajali ya gari. Akamwimbia "Kinsiona". Ni wimbo wa msiba, na gita lake humo limepunguza maringo yote. Mwaka 1972 Sam Mangwana akaingia kwenye bendi akitoka upande wa Tabu Ley, mshindani wa Franco, jambo lililowashtua mashabiki wa pande zote mbili, na sauti yake laini ikakutana na tungo za Simaro. Zikazaliwa "Ebale ya Zaire" na "Mabele". Kama una uwezo wa kutafuta nyimbo mbili tu kwa uangalifu wote, tafuta hizo. "Mabele" ni tafakuri ya mtu anayekabili kifo na udongo utakaompokea, na Simaro hakuitwa mshairi na Wakongo bure. Angalia pia kwamba Franco hakutunga yoyote kati ya hizo mbili. Jina lake lipo kwenye jalada, lakini OK Jazz ilikuwa nyumba ya watunzi wengi, na anayetafuta kazi ya Franco bila kutafuta ya Simaro, Vicky Longomba, Josky Kiambukuta na Ndombe Opetum atakuwa na jina bila nyumba.

Katika enzi hiyo hiyo ipo "AZDA" ya 1973, tangazo la wauzaji wa magari ya Volkswagen mjini Kinshasa lililogeuka kuwa wimbo wa dansi Afrika nzima. Wapo wanaoidharau kwa kuwa ni tangazo. Waache. Sebene yake ni somo la namna ya kujenga kitu kikubwa kwa vifungu vichache.

Kama una ndugu Dar es Salaam au ng'ambo anayeweza kukununulia CD, au unaweza kulipia nyimbo mtandaoni, mwagize "Francophonic", mkusanyiko wa Sterns wa London ulioandaliwa na Ken Braun. Juzuu ya kwanza ilitoka 2008, ina CD mbili na inakwenda kutoka 1953 hadi 1980. Juzuu ya pili ilitoka mwaka uliofuata nayo inabeba 1980 hadi 1989. Nyimbo zimeunganishwa kwa uangalifu, tarehe zimeandikwa, waimbaji wametajwa, na kijitabu kilichomo kinaeleza maisha yake vizuri. Ukilazimika kuchagua moja, chukua ya kwanza. CD nyingi za Sonodisc ya Paris, zilizoenea miaka ya tisini na ambazo ndizo chimbuko la folda za mtaani, zina hazina kubwa, lakini jalada mara nyingi hukupa miaka tu, na nyimbo za vipindi mbalimbali zimewekwa pamoja. Zinunue ukishaijua bendi. Zikikutangulia zitakuchanganya.

Miaka ya themanini ni ya nyimbo ndefu. Franco alikuwa akirekodi Ulaya, santuri kubwa ilimruhusu kumaliza kisa bila kugeuza upande, na akampata Madilu System, mwenye sauti ya kulalamika isiyochosha. "Mamou" ya 1984, "Mario", na "La vie des hommes" ya 1986 ni michezo ya kuigiza zaidi ya nyimbo: mtu anashtaki, mwingine anajitetea, Franco anaingia na maneno yake mazito kama mzee wa ukoo. Usizisikilize ukiwa unafanya kazi nyingine. Kando ya hizo weka "Omona Wapi" ya 1983, aliyopiga na Tabu Ley baada ya miaka mingi ya ushindani. Ukiipata nzima utasikia watu wawili wenye tabia tofauti kabisa wakipeana nafasi. Na "Attention na SIDA" ya 1987 iwe kwenye orodha yako hata kama si ya kucheza, kwa sababu ni mtu maarufu aliyesimama kuwaonya watu wakati wengi walikuwa wakinong'ona. Sisi tulipata wa kwetu muda mfupi baadaye: Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, na "Mambo kwa Soksi", wimbo ambao Radio Tanzania haikuurusha na watu wakaupokezana kwa kanda.

Enzi ya mwanzo, ya 1956 hadi mwanzo wa sitini, ninaipenda lakini siwezi kumsukumia mtu anayeanza. Nyimbo ni za dakika tatu, sauti ni ya studio ya zamani, na katika rekodi za kwanza kabisa klarineti ya Jean Serge Essous iko mbele. RetroAfric walizikusanya baadhi katika "Originalité". Katikati ya sitini ndipo Verckys Kiamuangana alipoleta saksafoni yenye makali, na kama unapenda domo la bata utafurahi humo muda mrefu.

Kuna nyimbo za sifa kwa watawala. "Candidat na biso Mobutu" ya 1984 ni mfano unaojulikana, na Franco huyo huyo alikuwa amewekwa jela na serikali ile ile mwaka 1978 kwa nyimbo zilizoitwa chafu. Sikushauri uzifute, maana ni sehemu ya historia ya mtu na nchi yake. Lakini zisiwe za kwanza kumfundishia mwanao Franco ni nani.

Lugha isikutishe. Kigoma hatukosi majirani kutoka Kalemie, Uvira, Fizi na Baraka wanaokijua Kilingala pamoja na Kiswahili chao. Mchague mzee mmoja, mnunulie kahawa, muwekee "Mario" na umwombe akusimulie, asikutafsirie neno kwa neno. Atakueleza kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri na mali, kisha atasimamisha wimbo ili akwambie habari za mtu kama huyo aliyemfahamu yeye. Hapo utakuwa umepata zaidi ya wimbo. Kisha usikilize tena peke yako.

Kwa wanaotafuta santuri zenyewe: bado zipo majumbani, hasa kwa familia zilizokuwa na baa au redio ya santuri. Usinunue kwa kutazama jalada. Itoe, iweke usawa wa macho chini ya mwanga, uone kama imepinda. Iliyopinda kwa jua hainyooki kwa kuiwekea vitabu juu. Mikwaruzo myembamba inavumilika, lakini ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo, sindano nayo itanasa. Santuri zilizochapwa kiwandani Mazadis mjini Kinshasa zina thamani kwa mkusanyaji, ila nyingi, hasa za baadaye, zina mchakacho tangu zilipotoka kiwandani. Toleo la Paris la wimbo huo huo, lenye nembo ya African, kwa kawaida husikika safi zaidi. Zipo pia zilizochapwa Nairobi, na ukikuta iliyotunzwa, ichukue bila wasiwasi. Kama utapata pande zote mbili za wimbo wa miaka ya sabini katika hali nzuri, mtafute mtu mwenye vifaa auhamishie kwenye kompyuta kwa kilobiti 320 au zaidi, aunganishe A na B, na mshono uwe pale ambapo sauti bado haijafifia.

Neno kuhusu sabufa. Najua inapendwa, na kwa singeli ina kazi yake. Kwa OK Jazz inaangamiza. Ukiifungua besi hadi mwisho, Decca Mpudi anageuka kuwa mngurumo na ridhimu ya Simaro inatoweka. Rudisha besi katikati, ongeza kidogo sauti za juu, weka spika mbili mbalimbali kama chumba kinaruhusu. Spika ndogo moja ya Bluetooth inachanganya kushoto na kulia, na katika rekodi za miaka ya themanini magita yamewekwa pande tofauti kwa makusudi, kwa hiyo humo usiamue kuhusu nakala mpaka umeisikiliza kwa hedifoni.

Ukishakuwa na nyimbo ishirini au thelathini za Franco zilizo nzima na zenye tarehe, usiendelee kurundika. Zungukia majirani. Tafuta Maquis du Zaire, waliotoka Lubumbashi wakaja kupiga Dar es Salaam kwa Kiswahili. Juzuu ya tano ya mfululizo wa "Zanzibara", iitwayo "Hot in Dar", inakupa mji ule kati ya 1978 na 1983. Tafuta Tabora Jazz na "Dada Asha" ya Shem Karenga, mtoto wa Kigoma aliyeanzia Lake Tanganyika Jazz. Mtafute Remmy katika "Songs for the Poor Man" ya 1989, kisha umsikilize katika rekodi alizofanya nyumbani, utaona studio ya Uingereza ilimsafisha nini na ilimnyang'anya nini. Kila mmoja wa hawa alimsikiliza Franco kwa makini na akajibu kwa lahaja yake.

Nyimbo ulizozipata kwa taabu usiziache kwenye flashi moja. Weka nakala mbili, moja kwenye kompyuta au diski kubwa na nyingine kwa ndugu anayekaa nyumba tofauti, na kila faili iandike hivi: jina la wimbo, mtunzi, mwimbaji, mwaka. CD zifute kwa kitambaa kikavu kutoka katikati kwenda nje, na zikae kwenye kasha kwa sababu unyevu wa ziwani huleta ukungu. Santuri zisimame wima mbali na dirisha la magharibi, maana jua la alasiri la Kigoma ndilo linalozipinda.